Maelezo ya Mbaraka Shechambo Kuhusu Sauti Iliyosikika Stendi ya Lushoto

KITUO CHA POLISI LUSHOTO
Tarehe: 14/10/2014
Jina: Mbaraka Shechambo. Umri: miaka 29. Kabila: Msambaa. Dini: Mwislamu. Kazi: fundi simu. Makazi: Magamba.

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nina kibanda cha kutengeneza simu stendi ya Lushoto, na nyumbani naishi peke yangu. Mtuhumiwa, mzee Hassani Singano wa Lukozi, ni baba mkwe wangu. Mlalamikaji Jafari ni dereva wa bodaboda hapo hapo stendi.

Mwaka 2012 nilianza kutengeneza gemu ya simu inayoitwa Vuka Magamba. Ndani yake kuna msichana aliyepotea msituni. Anaruka mawe, mito na matuta ya mashamba akitafuta njia ya kurudi kwao. Kazi hiyo nilijifundisha mwenyewe kwenye mtandao. Mke wangu Mwanamisi alikuwa akitoka shambani kwenye karoti, anakaa pembeni yangu na kunikosoa. Nilikuwa nimeweka sauti nilizozipata mtandaoni. Akasema, "Toa hizo. Mtu wa kwetu akianguka haiti kwa Kizungu."

Tukatundika mablanketi stoo ili mvua ya kwenye bati isisikike, nikamrekodi kwa simu yangu. Msichana akianguka shimoni anaita "Tate!", yaani baba kwa Kishambaa. Mwanamisi aliita mara nyingi mpaka ikatoka vizuri.

Mnamo Agosti 2013 mke wangu alifariki akijifungua. Mtoto naye hakupona. Baada ya mazishi baba mkwe alirudi Lukozi na hatukuonana tena. Sikujua niende kumwambia nini. Niliendelea na gemu kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi pekee tuliyoianza pamoja na haijaisha.

Mwezi wa tano mwaka huu niliiweka kwenye duka la mtandaoni. Kwa muda mrefu hakuna aliyeishughulikia, isipokuwa mtu mmoja wa mbali aliyeandika kwamba mto wa tatu hauvukiki. Kisha makonda na bodaboda wa hapa wakaipata, wakawa wanarushiana kwa blututhi. Ilipendwa kuliko nilivyotegemea. Mtu akijikwaa sokoni wenzake wanamwitia "Tate!" na kucheka. Hawakujua ni sauti ya nani, na mimi sikuwaambia. Mchana kutwa nilikuwa namsikia mke wangu stendi nzima. Nikirudi Magamba, kimya.

Mnamo tarehe 13/10/2014, majira ya saa nne asubuhi, nilikuwa kibandani. Nilimwona baba mkwe akishuka kwenye basi dogo la Lukozi na fimbo yake. Jafari alikuwa amekaa juu ya pikipiki akicheza gemu, sauti ameifungulia. Msichana akaanguka. Nilimwona mzee anasimama ghafla. Akageuka, akaitikia kwa nguvu, kama mtu aliyeitwa kweli. Akawa anatazama huku na huku kati ya watu. Msichana akaanguka tena. Hapo ndipo mzee alipogundua sauti inatoka wapi. Akaipiga ile simu kwa fimbo, ikaangukia mawe.

Jafari alimkamata shati. Watu wakajaa, na mmoja akapiga kelele za mwizi. Nilitoka mbio, nikajipenyeza nikamkumbatia mzee. Nikasema, "Msimpige! Huyo anayeita humo ni binti yake, mke wangu. Amekufa." Watu wakarudi nyuma. Simu ilikuwa imepasuka kioo lakini haikuzimika. Ikaita tena. Jafari aliiokota akaizima. Askari aliyekuwa zamu stendi akatuchukua wote.

Leo asubuhi niliruhusiwa kumwona mzee hapa kituoni. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba." Hakuitikia. Akauliza, "Akianguka mle, anamwinua nani?"

Nikamwambia, "Yeyote aliyeshika simu, baba. Anabonyeza, anaamka."

Akasema, "Wewe ulikuwa naye muda wote huu. Mimi sina hata picha yake akicheka."

Nilimweleza kwamba leo hii naiondoa kwenye duka, ila zilizoko kwenye simu za watu sina uwezo nazo. Kwenye simu yangu nimehifadhi rekodi ya siku ile ya stoo, nzima, sijaikata. Nikamfungulia. Mwanamisi anaita, kisha anacheka, anasema, "Mbaraka, nimechoka kuanguka, nikapike." Mzee aliishika simu kwa mikono miwili akaiweka sikioni. Akaomba irudiwe. Kisha akasema, "Usiiondoe dukani. Ijumaa njoo na sauti hii nyumbani, mama yake naye asikie."

Simu ya Jafari nitaitengeneza mimi. Kuhusu mzee, mimi naomba aachiwe.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa, nimeyakubali kuwa sahihi.

Sahihi: M. Shechambo

Maelezo yameandikwa nami, Koplo Shamsa, leo tarehe 14/10/2014, kuanzia saa 5:10 hadi saa 6:00 mchana. Mlalamikaji amefika na kuomba shauri lisiendelee. Mkuu wa kituo ameridhia. Mtuhumiwa ameachiwa. Shahidi amembebea fimbo, wametoka pamoja.