Goti Ambalo Picha Haikuliona

Jumatatu, 6 Mei 1968

Maji ya moto, chumvi, kitambaa. Kama jana na juzi. Wiki ya tisa sasa tangu ubao wa kupandia lori uteleze chini ya mguu wangu nikiwa na gunia la karanga mgongoni. Gunia lilikwenda kushoto, mimi kulia, goti likabaki katikati. Halikuvunjika. Kinuni wote wanalijua hilo, na ndilo linaloniudhi. Lingevunjika wangenionea huruma.

Uvimbe umepungua. Kutembea natembea, kwa fimbo. Lakini nikigeuka ghafla goti linachomoka na kurudi, kama mlango uliolegea bawaba. Jana mke wangu alilisikia likilia ko. Akacheka, kisha akaacha.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekwenda kinuni. Mzee Idi wa mizani anaacha kazi, macho yamekwisha. Kazi yake ni ya kukaa: kupima magunia, kuandika. Mimi nilifika darasa la nne. Wachukuzi wenzangu hawajui kuandika.

Nikamweleza Bwana Kanji, mwenye kinu, bila kuzunguka. Kubeba siwezi tena, nipe mizani. Hakukataa. Alisema, "Kila mchukuzi hapa ana goti, Sungi. Nikikupa bila karatasi, kesho wote watachechemea." Anataka daktari aandike kwamba goti lina ulemavu wa kudumu. Na daktari haandiki bila picha ya eksirei.

Hana kosa. Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Nimemchukia hata hivyo.

Nisipopata mizani, ni magunia tena. Au nirudi Ihanja kwa kaka yangu nikalime, kana kwamba jembe halihitaji goti.

Jumanne, 14 Mei

Basi tangu asubuhi. Mguu hauna pa kunyooka, nimeukalisha juu ya debe la mama mmoja, akanivumilia njia nzima. Nimefika hospitali yenye mashine jioni. Nimelala barazani na wagonjwa wengine. Kunguni.

Jumatano, 15 Mei

Picha imepigwa. Meza baridi. Mpiga picha alinilaza, akalinyoosha goti, akaniambia nisitikisike, akakimbilia nyuma ya ukuta. Nikalala pale kama maiti. Goti limelazwa vizuri hivyo, hata mimi nilijiona mzima.

Kisha kwa daktari. Mgeni, mtu mzima, mvi tele, Kiswahili cha kuokoteza lakini anasikia. Fimbo niliiacha nje ya mlango. Kwetu mtu haingii na fimbo kwa mkubwa, isipokuwa amekuja kugombana. Nikaingia kwa miguu yangu, nikasimama wima, nikamwamkia shikamoo. Akaniambia nitembee hadi dirishani. Nikatembea. Jasho lilinitoka lakini nilitembea.

Akalikunja goti, akalisokota. Niliona nyota. Akauliza kama inauma. Nikasema, "Kidogo, bwana mkubwa."

Akaiinua picha dirishani. Mifupa yangu, myeupe, safi. Akaitazama kwa kuridhika. Nikaridhika naye, mjinga mimi. Nilidhani ameliona.

Ijumaa, 24 Mei

Karatasi imefika. Ya Kiingereza. Mpwa wa Bwana Kanji alinisomea polepole, anaona aibu. Mifupa ni mizima. Nafasi ya kiungo ni ya kawaida. Mgonjwa anatembea bila msaada. Maumivu kidogo. Ulemavu wa kudumu hakuna. Arudi kazini.

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena.

Bila msaada. Kidogo. Maneno yangu mwenyewe na miguu yangu mwenyewe. Baba alinichapa mpaka nikajua kusimama mbele ya wakubwa, na kwenye jando nilifundishwa kwamba mwanamume hasemi inauma. Nimefuata yote. Mpumbavu mwenye adabu.

Mizani amepewa mpwa, kwa muda. Bwana Kanji alisema pole. Pole yake ya kweli, hilo ndilo baya zaidi.

Jumamosi, 25 Mei

Mke wangu anasema nirudi kwa daktari, safari hii niingie na fimbo na nilie. Nikamwambie nini? Kwamba nilimdanganya kwa heshima? Picha iko kwake. Nikisema mimi na picha ikasema yake, ataamini nani? Hata mimi ningeiamini picha. Ile haina mke wala njaa.

Tumegombana. Amekwenda kwa dada yake, amerudi na mboga.

Jumapili, 26 Mei

Mkutano baada ya kanisa. Balozi wa nyumba kumi alizungumzia kujitegemea. Nchi haitajengwa na watu wanaokaa. Asiyefanya kazi ni kupe, ananyonya jasho la wenzake. Hakunitaja. Alinitazama tu, na watu wakageuka kutazama alikotazama. Habari za karatasi zimeenea mtaa mzima. Zimeenea haraka kuliko mimi ninavyotembea.

Binti yangu Anna ana miaka minane. Aliniuliza njiani kama kupe ni mimi. Mama yake alimkemea kwa Kinyaturu, maneno makali, na moyoni nikamshukuru.

Jumatatu, 27 Mei

Nimerudi kwenye magunia. Hakuna zaidi ya kuandika.

Jumamosi, 8 Juni

Nimejifunza ujanja. Ngazi napanda kwa mguu wa kushoto, wa kulia unaburutwa nyuma. Sigeuki na mzigo, nazunguka mwili mzima kama lori. Wenzangu wananitania. Hango, kijana aliyeanza kazi mwaka huu, ananiigiza nyuma yangu na wote wanacheka. Anaigiza vizuri. Ningecheka na mimi kama goti lingekuwa la mtu mwingine.

Kila jioni linajaa maji. Nalifunga kwa kanga ya mke wangu.

Jumatano, 19 Juni

Naandika nimelala.

Leo asubuhi, ngazi ya tatu. Mtu aliniita jina, nikageuka. Goti likachomoka, halikurudi. Nikaanguka juu yake kwenye ukingo wa saruji, na gunia likaja juu yangu. Nililia. Nililia mbele ya watu wote, jando au si jando. Bwana Kanji alitoka ofisini akikimbia, viatu mkononi. Amenitafutia gari la kwenda hospitali kesho.

Jumanne, 25 Juni

Hospitali ileile, daktari yuleyule. Safari hii niliingia nimebebwa. Alipouliza kama inauma nikasema sana. Nikasema tena sana kabla hajauliza.

Pia ya goti, kile kifupa cha mbele, imepasuka vipande viwili. Daktari aliniinulia picha nione mwenyewe. Akapitisha kidole kwenye ufa, taratibu, kama mwalimu ubaoni. Hapo, akasema, sasa inaonekana. Nikamweleza habari ya mwezi wa tatu, ubao, kuchomoka, uvimbe. Alisikiliza mpaka mwisho, sitamsingizia. Akasema zipo kano ndani ya goti, zikikatika picha haizioni, inaona mifupa tu.

Kumbe alijua hivyo siku zote. Na mimi sikumpa kingine cha kutazama.

Nikamwomba aandike kwamba liliharibika tangu Machi. Akafungua faili, akanionyesha picha ya kwanza. Nyeupe, safi. Akasema hawezi kuandika kinyume cha aliyoyaandika mwenyewe.

Jumatatu, 16 Septemba

Siku ya kwanza kwenye mizani. Bwana Kanji ametimiza ahadi. Karatasi mpya inasema ulemavu wa kudumu, goti halikunjiki hata nusu ya kawaida yake. Inasema pia kwamba lilikuwa zima hadi tarehe kumi na tisa Juni.

Nimepata nilichotaka. Nilikitaka nikiwa na mguu mmoja na nusu, nimepewa nikiwa na mguu mmoja. Balozi alipita kunipa pole, akaniita mfanyakazi shujaa. Nikamwitikia ahsante. Ningemtemea mate.

Mke wangu amepika kuku. Amefurahi kweli, na sikutaka kumharibia. Nilikula mapaja yote mawili.

Jumatano, 25 Septemba

Magunia mia na kitu leo. Mvua bado, vumbi tupu.

Saa tano Hango alileta gunia mizanini akaliteremsha kwa upande. Hana kawaida hiyo. Alipoondoka alishika ukuta. Nikamwita. Akasema si kitu, mjomba, kidogo tu.

Nikamwambia akunje suruali. Wenzake walikuwa wanasubiri foleni na mnyapara anapiga mluzi. Akakunja. Kwa macho halikuwa na kitu, goti zuri la kijana. Nikamwambia aende mpaka lango la kinu na kurudi, ageuke pale haraka, na asinionee aibu. Akaenda, akageuka, goti likachomoka na kurudi, akaniangalia usoni kabla ya kurudi.

Nimefunga mizani mpaka Bwana Kanji aje alione goti hilo likigeuka.