Abiria wa Kiti cha Kushoto

Kwa kaka yangu mkubwa,

Shikamoo. Goti limepoa? Wifi na watoto hawajambo? Huku mama anakula vizuri na kusinzia baada ya chakula, na mimi kifua kile kimeniacha, nashukuru.

Barua yako nimeipata. Unasema Jumamosi unakuja na mnunuzi kuchukua gari la marehemu shemeji yako, kwa kuwa mjane wa miaka sitini na mbili, mwenye wajukuu wanne, hana haja na gari la Kiingereza la viti viwili, tena la wazi juu. Kaka, heshima yako iko palepale, lakini gari haliuzwi. Nalitanguliza hilo usije ukasema nilikuzungusha.

Unakumbuka lilivyokuwa. Miaka kumi chini ya turubai, panya wamezaliana kwenye kiti, marehemu analipangusa tu na kuahidi. Nilipostaafu ukunga nikamwita fundi wa mtaa wa pili. Akasema injini ni nzima, ila kabureta zake mbili hazipatani, moja inavuta hewa kuliko mwenzake. Alihangaika nazo siku tatu. Siku ya nne nikachukua kibomba changu cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, nikakiweka kwenye kabureta hii, kisha ile, nikatega sikio, huku yeye akikaza na kulegeza skrubu mpaka pumzi zao zikalingana. Mwanzoni alicheka, sasa ananiita mwalimu. Miaka thelathini na mitano nimesikiliza mapacha matumboni, kabureta ndizo zinishinde?

Raha yake huijui, kaka! Unakaa chini, ukinyoosha mkono unakaribia kugusa lami. Gia inaingia kwa mlio mfupi kama kitasa. Kona ile ya kiwanda cha matofali wengine wanaiogopa, mimi nashusha gia na kukanyaga mafuta. Linavuja oili, sikatai. Fundi anasema siku lisipovuja nijue oili imekwisha. Magauni mawili yameshaharibika na wala sijali. Nimezeeka nikipanda gari la zahanati lenye machela nyuma. Hili halibebi mgonjwa wala gunia la mtu. Ni langu.

Sasa tuje kwenye lililokuchoma. Umeambiwa kila Jumapili asubuhi napita na mtu aliyevaa kofia ya marehemu na miwani myeusi, tunacheka njia nzima. Umeuliza ni mwanamume gani huyo asiye na haya, na udongo wa kaburi haujakauka. Umekauka, kaka, huu mwaka wa tatu. Lakini lisemwalo lipo. Mtu huyo yupo, nimekuficha miezi mitano, na kwa hilo tu naomba radhi.

Ni mama.

Ndiyo, mama huyuhuyu unayeniagiza nimfunike blanketi asipigwe na upepo. Siku moja nilikuwa napasha injini moto, akaja na mkongojo wake, akafungua mlango, akakaa. Wala hakuomba. Tulipoanza kuteremka mlima akapiga kelele, nikadhani anaumwa, nikakanyaga breki. Kumbe anacheka! Tangu tumzike baba, wewe ulishamsikia mama akicheka? Nilirudi nyumbani naendesha huku nalia. Kofia ni ya baridi, miwani aliandikiwa na daktari wa macho.

Nimemsomea barua yako yote, hata hilo la mwanamume. Alicheka mpaka nikampigapiga mgongoni. Kisha akanituma nikwambie kwamba Jumamosi mje tu, chakula kitakuwepo. Yeye atakuwa ameshakaa kwenye kiti chake, mkanda amefunga, na huyo mnunuzi akilitaka gari amchukue na yeye humohumo.

Wifi mpe salamu zangu, na goti ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako, mkaidi kama ulivyoniita.

Alama hiyo nyeusi hapo chini ni kidole gumba cha mama. Wino ulikuwa mbali, akachovya kwenye oili.