Elvino na zamu ya baba yake

Shoga Perpetua, tangu Jumatatu tulipomzika mume wangu Olavo, leo ndiyo nimelia.

Bwana Gaunkar wa kampuni ya madini amekuja. "Mama Elvino, desturi unaijua. Mfanyakazi akifa, mwanawe hurithi nafasi. Kijana aje kwenye mizani ya malori."

Elvino! Kampuni hiyohiyo imemlea tangu mdogo kwenye timu yake ya mpira ya vijana, na mwezi ujao alikuwa apandishwe timu kubwa.

Nikauliza, "Na mpira?"

"Mpira utawapikia wali na samaki?"

Wali na samaki! Mbele ya picha ya marehemu!

Elvino akawatazama wadogo zake. "Sawa, Bwana Gaunkar. Nitakuja."

Shoga, hata hakunitazama.

Zamu inaanza kesho saa moja asubuhi, saa ileile ya mazoezi.