Mzimu Anayekohoa Mlangoni

Shoga, nimeharibu. Nimeharibu kabisa! Shangazi amekisoma kitabu nilichojichapishia.

Si unamkumbuka yule mzimu mpenzi wa humo kitabuni, anayekohoa mlangoni kabla ya kuingia, halafu anamwita mkewe "bosi wangu"? Nilimchota mzimamzima kwa marehemu mume wa shangazi. Nilijua shangazi hasomi mapenzi ya mizimu!

Nimemkuta sebuleni, kitabu kakikumbatia. Nikaanza kubabaika, "Shangazi, nisamehe, ni hadithi tu..."

Wala hakukasirika. Shoga, hakukasirika! Bora angenizaba kofi.

Akanishika mkono, akaniuliza taratibu, "Kwako huwa anakuja saa ngapi?"

SAA NGAPI!

Akasema, "Basi akija tena, mwambie mlango wangu siufungi."