Mwenye Bucha na Bendeji

Jumatatu, 6 Novemba 2023
Mvua siku ya tano. Emali yote ni tope. Leo nimejiandikisha kwa kikundi cha kanisa cha kusaidia watu wa mafuriko. Nilidhani ni kugawa blanketi na unga, halafu tunapigwa picha. Nikawa wa kwanza kuinua mkono – Mutisya mimi, nikose mahali penye fulana ya reflekta ya bure! Kumbe kuna semina ya huduma ya kwanza. Siku tatu. Mke wangu Kavindu, mama Ndinda, alicheka mpaka akakaa chini. Anajua kitu ambacho kanisa halijui.

Jumanne, 7 Novemba
Sasa kanisa linajua. Nimezimia! Sista Mbula, nesi mstaafu anayetufundisha, alituonyesha picha kwa simu – kidole cha mtu kimekatwa, kidogo tu. Nikaona ukuta unanijia. Nilipofungua macho, miguu yangu ilikuwa juu ya kiti na darasa lote limenizunguka. Sista akasema nimekuwa mfano mzuri, wasome haraka kabla sijaamka.
Miaka kumi na tisa niko na bucha. Nakata ng'ombe mzima nikipiga mluzi. Lakini damu ya mtu? Ng'ombe aliyening'inia haongei.
Bilha wa hoteli, jirani yangu na mke wa shemasi, naye yuko semina. Ati atatafuta nyama kwingine, nisije nikaangukia matumbo anayonunua kwangu.

Alhamisi, 9 Novemba
Kufufua mtu aliyezama. Nilibonyeza kifua cha mdoli wa mazoezi mpaka kitu kikalia ndani – kwaa! Mdoli ameaga. Sista: "Mutisya, hizo si mbavu za kuchoma."
Nimetazama picha tatu za majeraha bila kuanguka. Nilikuwa nimeketi sakafuni tayari. Cheti nimepewa hata hivyo. Mdoli hakuulizwa.

Jumatatu, 13 Novemba
Tumevuka mto hadi shule ya msingi ambapo familia zilizohama zinalala madarasani. Mto wenyewe mwaka mzima ni mchanga tu, watu huchimba maji ndani. Leo unanguruma kama lori.
Mgonjwa wangu wa kwanza: bibi mmoja, Syokau, ametegua mguu. Nilifunga bendeji safi kabisa, Sista mwenyewe angejivunia. Bibi akaingoja imalizike, akashukuru, kisha akaniuliza kwa upole kama na ule unaouma nitaufunga. Aiya!

Jumatano, 15 Novemba
Maji yamefunika daraja. Sista Mbula alivuka asubuhi kufuata dawa Emali, sasa yuko ng'ambo. Wenye cheti upande huu ni mimi na Bilha. Mungu awahurumie watu wa huku.

Alhamisi, 16 Novemba
Saa nane na nusu mchana upepo uling'oa bati la jikoni. Bilha alikuwa anapika uji wa watoto. Bati likamkata mkono, upande wa ndani, juu ya kiwiko. Damu ikaruka mpaka kwenye sufuria. Watu wote wakageuka kutazama reflekta yangu.
Ukuta ukaanza kunijia. Nikapiga magoti haraka, nikabonyeza jeraha kwa viganja vyote viwili. Bilha akaniambia, "Baba Ndinda, usinizimikie."
"Nyamaza, Mama. Inua mkono."
Leso ya kwanza ikalowa. Nikaongeza ya pili juu yake. Ikalowa. Mwalimu Musembi wa shule hii akanishikia simu sikioni. Sista alikuwa ananipigia kelele: nikunje kitambaa kipana, nifunge mkono juu zaidi ya jeraha, upande wa bega, nikaze kwa kijiti mpaka damu ikome. Halafu niandike saa na mapigo ya moyo. Niandike wapi? Mfukoni nina daftari hili tu. Basi:

8:40 – Kimekazwa. Damu imekoma. Mapigo 118. Yangu sijapima, afadhali.

8:55 – 124. Analia kwa uchungu wa kitambaa, anataka nilegeze. Sista alisema nisithubutu. Nimekataa. Ameniita jina ambalo mke wa shemasi hafai kulijua. Vizuri – bado ana nguvu.

9:10 – 128. Midomo imepauka. Tumemfunika blanketi mbili na bado anatetemeka. Hatukani tena. Ameniuliza kama atapoteza mkono. Nilitaka kusema hapana. Nimesema sijui. Akasema mkono huo ndio wa chapati.

9:25 – 130. Ambulensi aliyoita Sista imefika ng'ambo! Musembi amepima maji juu ya daraja kwa fito: yanafika kiunoni, na yanashuka. Au anadhani yanashuka. Wanaume sita wameng'oa mlango wa darasa, tumemlaza juu yake, tuko ukingoni tayari kumvusha. Simu imekufa. Mto unanguruma, husikii mtu.

9:31 – 134. Dereva anapunga mikono yote miwili. Sijui anatuita au anatuzuia. Sista yuko kando yake, naye anapunga, na hata yeye simwelewi. Bilha amenishika shati kwa mkono mzima, anauliza wanasema nini. Wale sita wameinua mlango mabegani. Hakuna anayetazama ng'ambo. Wananitazama mimi, wanangoja niseme tuvuke au turudi –