Upande wa Kulia wa Barua

2 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini hujambo na goti limetulia. Huku sote wazima. Mama anakusalimu, na anasema hajasahau ile sweta yake uliyoondoka nayo.

Mjomba, kaa kitako kwanza. Bosi wangu, yule mama mwenye duka la fotokopi, anakitoa maboksi kile chumba cha nyuma. Anataka kiwe studio ya picha za vitambulisho, za wahitimu na za familia. Amesema ni changu, mradi niwe na kamera yangu mwenyewe ifikapo mwisho wa mwezi. Nisipokuwa nayo, anampa fundi simu wa jirani, ambaye ameshakuja mara mbili kupima mahali pa kuweka meza yake. Hana hata haya, anapima na mimi nimesimama palepale na ufagio.

Akiba yangu ya miaka miwili haifiki nusu ya bei ya kamera mpya, kwa hiyo natafuta iliyokwisha kutumika, ile kubwa ya kidijitali ya kubadilisha lenzi. Kila muuzaji anaapa yake ilishikwa na mtu mmoja tu, tena Jumapili kwa Jumapili. Wewe uliendesha studio miaka thelathini. Najua zako zilikuwa za filamu, lakini jicho la mpiga picha ni lilelile. Nitazame nini ili nisipigwe? Nijibu upesi, mwenzio situlii kwa furaha na kiwewe.

Mpwa wako,
Kiroboto


9 Machi

Kiroboto wangu,

Marahaba. Goti linakwenda lenyewe, mimi nalifuata. Mwambie mama yako sweta ilishanizoea, sasa si vizuri kututenganisha.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Zamani nilipokuwa nakufukuza kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha kwa kurukaruka juu ya beseni zangu za dawa, hadi nikakupa hilo jina, sikujua kama siku moja utanifurahisha hivi. Ila ukiniandikia tena, piga chapa kwa herufi kubwa zaidi. Karatasi mnazo tele dukani, mnabana ya nini?

Sasa sikiliza. Usihadaike na sura. Mwili wa kamera uliochubuka si neno, lenzi mbovu ndiyo msiba. Mulika tochi ndani yake, na ukiona utando kama wa buibui, hiyo ni kuvu, mrudishie mwenyewe uende zako. Halafu hizi za siku hizi naambiwa zinahesabu mibofyo yake yote, kama gari linavyohesabu kilomita. Uliza hesabu hiyo, na usikubali kutajiwa kwa mdomo. Nenda na kadi yako ya memori, ili uondoke na picha ukazitazame kwenye kompyuta bila muuzaji kukupigia kelele.

Na hili nililifanya kwa kila lenzi iliyoingia studio kwangu. Bandika ukutani karatasi yenye maandishi madogo, simama mbele yake sawasawa, piga. Kisha usitazame katikati. Katikati kila lenzi ni malaika. Tazama pembeni. Maandishi yakivurugika upande mmoja tu, lenzi imepinda, na ikipinda haina dawa.

Mjomba wako


16 Machi

Shikamoo Mjomba,

Hali yako? Sisi hatujambo. Herufi hizi zinakutosha, au nichore ubao wa matangazo?

Nimeiona kamera. Ni ya mwalimu mstaafu wa sayansi, anaiuza kwa sababu siku hizi moyo wake wote uko kwa nyuki anaowafuga. Mibofyo yake michache hata nikaionea huruma, ni kama ilikaa tu kabatini. Imechubuka kona na mpira wa mshikio umeachia kidogo, lakini lenzi ni safi, nilimulika mpaka mwalimu akaniuliza kama nimepoteza kitu humo. Bei naiweza. Nilipobofya mara ya kwanza, ule mlio ulinisisimua mwili mzima, nikabofya tena bila sababu yoyote.

Nikataka karatasi yenye maandishi madogo. Mwalimu hakuwa na gazeti, na mimi mkobani nilikuwa na barua yako. Nikaibandika kwenye ukuta wa sebule yake, nikaipiga, nikakimbia na kadi dukani. Mjomba, nusura nilie. Katikati maandishi yamesimama vizuri, kushoto vilevile, kulia yamevurugika yote. Lenzi imepinda. Nikarudi kumwambia kwa heshima kwamba naiacha. Alishangaa sana, akasema amekuwa nayo miaka sita na hajaona kasoro. Nikamjibu kwamba kwenye jambo hili mjomba wangu hakosei.

Zimebaki wiki mbili. Jumamosi naenda kwa muuza mitumba tunayemwita Dhamana, kwa sababu kila kitu chake anakiapia dhamana na hajawahi kuitoa. Niombee.

Mpwa wako,
Kiroboto


19 Machi

Kiroboto,

Salamu nyingi. Mimi mzima kabisa, usiwe na shaka.

Umefanya vyema kuiacha. Wengi wangefumba macho kwa sababu ya bei. Ya huyo Dhamana ipige kwa karatasi ileile, ili ulinganishe sawa kwa sawa. Na usilegeze masharti kwa ajili ya haraka. Tangu uanze kuniuliza mambo haya najiona kijana, hata majirani wanasema napiga mluzi.

Mjomba wako


24 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, maana hali yako naijua kuliko unavyoniambia.

Dhamana alinitolea kamera inayong'aa kila pembe. Nikaibandika barua yako ileile, nikapiga. Kulia kumevurugika. Nikaomba lenzi ya pili, kulia. Ya tatu, kulia. Dhamana akaniuliza kama nimekuja kununua au nimekuja kumtafutia ugomvi.

Nikarudi dukani, nikaifungua ile picha ya kamera ya mwalimu, nikaukuza upande wa kulia mpaka neno moja likajaa skrini. Nyuzi za karatasi zinaonekana moja moja. Kunjo la barua linaonekana. Wino hauna ukungu hata kidogo. Lenzi haina kosa, Mjomba. Maneno yako ndiyo yamepandana. Kila mstari ukifika kulia unateremka na kuandikwa juu ya mwenzake. Nami miezi yote hii nasoma kwa mazoea, nakisia miisho, najiambia mwandiko wa mjomba ndivyo ulivyo. Nikatoa na barua ya tarehe kumi na tisa, nikakuta ni mbaya zaidi. Ndipo nikakumbuka ulivyotaka herufi kubwa.

Nilikwenda kwa mwalimu mbiombio. Kamera ilikuwa mezani, imefungwa tayari, mtu mwingine angeichukua kesho yake. Nikamweleza yote bila kuficha. Akaanza kuifungua kamera, akasema, "Kwenye lenzi mjomba wako hakosei, mwanangu. Ila nenda ukamwone." Akaniuzia mimi, na akaniongezea betri ya pili.

Ufunguo wa chumba ninao. Fundi simu amekusanya futi yake kimyakimya. Nina furaha hata kukaa kitini siwezi, na nina hasira na wewe. Jicho limeanza lini? Kwa nini hukusema? Jumapili nakuja na kamera. Jumatatu tunakwenda hospitali, upende usipende.

Kiroboto


27 Machi

Mpwa wangu,

Umenikamata. Hongera kwa kamera, hilo liwe la kwanza.

Ni mwaka wa pili sasa. Ni mtoto wa jicho, la kulia. Nageuza karatasi ili la kushoto lisaidie, na miisho ya mistari naandika kwa kukisia. Nilinyamaza kwa aibu. Barua yako ya kuulizia kamera ilipofika nilifurahi mno, halafu nikaogopa. Nani atamwomba ushauri wa kamera mtu asiyeona? Nikajua ukigundua hutaniuliza tena. Na hospitali naogopa kisu, nisikufiche.

Kwa aibu yangu nusura nikukoseshe chumba. Hilo limeniuma kuliko jicho. Nisamehe.

Njoo. Utanikuta nimevaa sweta.

Mjomba wako


11 Mei

Kiroboto wangu,

Hujambo wewe? Chumba hakijambo? Mimi mzima, na safari hii uniamini. Daktari amemaliza kazi yake, na kisu chenyewe sikukiona wala kukisikia. Nimeogopa bure miaka miwili.

Leo nimeitazama kwa macho yote mawili ile picha uliyonipiga Jumapili ile. Maisha yangu yote nimekaa nyuma ya kamera, sikuwahi kujua uso wangu unakaaje mtu anayenipenda anaponitazama. Nimelia kidogo. Kisha nikaona umekikata kiwiko changu, na kiti ungekisogeza dirishani. Sweta imetokea vizuri sana, kwa hiyo mama yako asiione.

Barua hii nimeiandika bila kugeuza karatasi. Ukimaliza kuisoma, ibandike ukutani, simama mbele yake sawasawa, ipige. Katikati usitazame. Nenda moja kwa moja upande wa kulia.

Mjomba wako