Bastola ya Baba na Mguu wa Mkwe Wangu

Bonde la Laurel Fork,
Kentucky.
17 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Arleta,

Hujambo huko Alaska? Mumeo Gunnar hajambo? Geneva, mke wangu, anauliza kama baridi imekwisha kukufikia mifupani, na kama lile goti lako linakuruhusu kupanda ngazi za kanisani. Mimi sijambo kwa mwili. Tunakula, tunalala, mahindi tumekwisha kuyavuna, na paa la ghala bado linavuja palepale ulipopaacha.

Kwa moyo, sijui niseme nini. Kalamu nimeishika na kuiweka chini mara nyingi. Nakuandikia kwa sababu jambo lenyewe linakuhusu, na kwa sababu sitaki ulisikie kwa binamu Wanda, ambaye akilisimulia ataliongezea mkia na pembe.

Bastola ya Baba unaikumbuka. Ile aliyokuwa akiifunga kiunoni kwa ajili ya nyoka akishuka kijitoni kuvua samaki, yenye herufi za jina lake ubavuni. Alipokuwa anafariki alisema ni yetu sisi wawili, nami niitunze tu kwa kuwa wewe uko mbali. Alisema niitunze, Arleta. Hakusema niichokonoe.

Tangu nistaafu mgodini, mikono yangu imekuwa haina kazi. Wengine wanafuga nyuki. Mimi nikaanza kutazama watu kwenye kompyuta wanavyozipamba bastola zao majumbani, nikajiambia, hawa wana nini nisichokuwa nacho? Nikafunga jiliwa la kubania chuma kwenye meza ya gereji, nikanunua tupa na misasa. Nilichonga kishikio kipya kwa ubao wa ule mti wa mjozi ulioangushwa na dhoruba, na kusema kweli kilipendeza. Ningeishia hapo leo ningekuwa nakuandikia habari nyingine.

Lakini chuma nacho nikataka king'ae kama kioo. Nikasugua, nikasugua, na nilipokipangusa nilikuta herufi za Baba zimekwenda na vumbi. Nilikaa pale nikipapasa kwa kidole gumba mahali zilipokuwa. Geneva aliponiuliza, nikamwambia zilikuwa zimechakaa. Hazikuwa zimechakaa.

Badala ya kukoma, nikaingia ndani kabisa. Nikafungua mtambo wa kufyatulia, nikaulainisha ili risasi itoke kwa mguso mdogo tu. Nilikwenda kumringia Estill, yule fundi bunduki wa karibu na daraja. Aliijaribu ikiwa tupu, akaniangalia juu ya miwani.

"Hobe, hiki kitu umekilainisha mno. Ukipiga chafya, kinalia. Niachie nikirekebishe."

Nikamjibu, "Wewe endelea na bunduki zako za kutishia kunguru, Estill. Wivu hautakufaa."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ubaya ni kwamba guu lililoumia halikuwa langu.

Binti yetu Shawna alikuja Jumapili moja ya Oktoba na mumewe, Dominic. Wewe hujapata kukutana naye. Ni kijana wa Cleveland, anafundisha muziki shuleni na kupiga tarumbeta, mpole, hana makuu. Mimi sikumpenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu hawindi, hafungui injini, na maharage yetu huyala kwa adabu kana kwamba ni dawa. Mbele yake namwita mkwe, lakini dukani kwa kinyozi nilikuwa namwita "yule tarumbeta", na watu wakicheka nafurahi.

Baada ya chakula nikapanga makopo juu ya uzio nyuma ya ghala. Nikamwita, "Njoo, mzee wa tarumbeta, uone vitu vya wanaume!"

Akasema, "Baba, mimi niko sawa hapa, namsaidia mama kuosha vyombo."

"Mwache," Geneva akasema. "Si lazima kila mtu apende kelele."

"Naogopa atajikata na sahani," nikasema.

Shawna alinikata jicho. Dominic akafuta mikono, akaja, nadhani ili mkewe asigombane na babake. Nikaipakia bastola. Nikaanza kumhubiria jinsi nilivyoitengeneza, nikamgeukia nayo mkononi huku nikiongea kwa mikono kama kawaida yangu, kidole kikiwa mahali ambapo Baba angenichapa kukikuta. Ikalia. Hata sikuhisi kuwa nimeifyatua.

Dominic hakupiga kelele. Aliketi chini kwenye majani, akatazama mguu wake, akasema taratibu, "Loo." Risasi ilikuwa imepita kwenye nyama ya shavu la mguu. Geneva alikuja mbio, akavua aproni, akafunga kidonda, na Shawna akaendesha gari mpaka hospitali huku akilia kwa hasira. Mimi nilikaa nyuma nikiushika mguu wa yule kijana mapajani mwangu, damu yake ikiniloweka suruali ya kanisani.

Mungu alituhurumia. Daktari alisema mfupa haukuguswa. Sasa, mdogo wangu, hapa ndipo aibu yenyewe inapoanzia.

Mtu akifika hospitali na jeraha la risasi, polisi huitwa. Alikuja kijana mmoja wa sherifu ninayemfahamu, niliwahi kumfundisha besiboli. Shawna alikuwa ameenda kujaza karatasi za mapokezi. Yule polisi akauliza, "Nani alikuwa ameishika?"

Kabla sijafungua mdomo, Dominic akasema, "Mimi. Nilikuwa nachezea kitu nisichokijua."

Yule polisi akatikisa kichwa, akanigeukia akitabasamu. "Watu wa mjini hawa! Mzee Hobert, si ungemwacha tu na tarumbeta yake?"

Nami, Arleta, nikacheka. Si kwamba nilinyamaza tu. Nilicheka. Kicheko kile kilitoka kinywani mwangu chenyewe, na nilipoinua macho nikamwona Geneva amesimama kwenye pazia na kikombe cha kahawa aliyoniletea. Akaimwaga kwenye sinki, akaondoka.

Nyumbani aliniambia neno moja tu: "Nimeolewa na mwanamume muda wote huu, Hobert. Usinifanye nianze leo kuuliza amekwenda wapi."

Asubuhi nilikwenda ofisini kwa sherifu, nikaeleza kila kitu nikiwa nimesimama, maana nilipoambiwa niketi sikuthubutu. Yule kijana wa besiboli aliandika bila kunitazama. Hakucheka safari hii. Kisha nikaenda kwa Dominic, aliyekuwa amelazwa kwenye kochi la Shawna, mguu juu ya mito. Nilimwomba radhi. Nikamuuliza kwa nini alijisingizia.

"Baba," akasema, "tangu nimuoe Shawna umekuwa ukinitafutia kosa. Nikaona nikupe moja."

Hakulisema kwa ukali. Afadhali angenitukana. Nilitafuta mahali pa kuweka uso wangu sikupaona.

Hakimu ameniamuru nihudhurie masomo ya usalama wa silaha pamoja na watoto wanaojiandaa kuwinda kwa mara ya kwanza. Nakaa kwenye kiti kinachonifika magotini. Juzi mwalimu aliuliza kanuni ya kwanza, na binti mmoja mwenye mapengo akanigeukia akasema, "Babu, usielekeze mdomo wa bunduki kwa mtu." Darasa zima lilikuwa linajua habari yangu. Na kwa kinyozi ndiyo usiseme. Nikiingia wanainua miguu yote juu ya viti, wanaulizana kama nimekaguliwa mlangoni.

Bastola iko kwa Estill. Amerudisha mtambo ulivyokuwa, na hakunikumbusha maneno yake, jambo lililoniuma zaidi. Lakini herufi za Baba hawezi kuzirudisha. Anasema anaweza kuchonga mpya, ila zitakuwa za mkono wake, si za Baba. Nimekataa mpaka nikuulize. Nusu yake ni yako, na nusu yangu sistahili kuiamulia. Ukitaka ije kwako, Estill anajua njia halali ya kuituma. Ukitaka ikatwekatwe, nitasimama nione. Nijibu kwa ukweli. Ukitaka kunikaripia, nikaripie. Baba hayupo wa kufanya hivyo.

Msalimu sana Gunnar, na binti yenu Kirsten na watoto wake. Geneva anakusalimu, sasa tunaongea, kidogo kidogo. Shawna bado. Dominic, aliyekuja leo kututazama, amekuandikia salamu zake mwenyewe hapo chini, anatembea na fimbo, na Jumapili ijayo nimemwomba aje na tarumbeta yake. Sijawahi kumsikia akiipiga hata mara moja.

Bwana akulinde na barafu, akupe siku ndefu zenye watu wakweli kuliko mimi.

Kaka yako akupendaye, ingawa hana uso,
Hobert

Shangazi Arleta, mguu unaendelea vizuri. Usimkaripie sana, anajikaripia mwenyewe huko gereji mpaka tunamsikia jikoni. — Dominic